Kofia ya Sufu Juu ya Kompyuta

Mke wa mwanangu anaitwa Sindano. Wazazi wake walimpa jina jingine, zuri tu, lakini tangu aingie nyumba hii hakuna aliyelitumia. Ni mwembamba, amenyooka, na akikuchoma kwa neno unatoka damu. Tena ni fundi cherehani. Sasa mtu kama huyo ungemwita Mto?

Siku aliyokuja kujitambulisha kwangu alileta gauni la zambarau limekunjwa kwenye gazeti. Alikuwa ameniona mara moja tu, kwa mbali, nikivuka barabara na kapu la nyanya. Nikaingia chumbani kulivaa, nia yangu nitoke nimwonyeshe lilivyonibana, ajue amekuja kwa nani. Likanikaa kama nimezaliwa nalo. Bega langu la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, na marehemu mume wangu alikaa nami miaka thelathini asilijue hilo. Gauni lilikuwa linajua. Nikatoka nimenuna.

Basi huyo ndiye yeye. Akikutazama umeshapimwa. Nimemwona kwa macho yangu akimpima mwanamume aliyekuwa anapita kwa baiskeli, akamshonea suruali, na yule bwana alipokuja kuichukua ikamtosha mpaka mifuko. Baiskeli nayo ilikuwa inateremka mlima. Anayebisha akamuulize mwenye suruali.

Lakini kupima kwa macho ni mchezo wa kuwafurahisha watu. Kazi yenyewe ni kuandika. Kila mteja alimpiga picha mbili kwa simu: moja amesimama wima mikono pembeni, nyingine ya karatasi yenye vipimo vyake, kisha karatasi anawashia jiko. Miaka kumi na moja alifanya hivyo, mpaka siku simu ilipomchoropoka mfukoni ikaingia kwenye karai la wanga alilokuwa analowekea kola. Hakuiona mpaka jioni. Ilipotolewa ilikuwa imekakamaa, imepigwa wanga barabara, ungeweza kuivaa shingoni ukaenda nayo kazini.

Fundi wa simu wa mtaani kwetu, mtu mzima mwenye kipara na miwani miwili, mmoja puani na mmoja kwenye paji la uso, aliifungua, akaipuliza, akaifunga. "Shemeji, pole. Imekwenda na kila kitu."

Sindano akaanza kupima mtaa mzima upya. Hapo ndipo alipojua kwamba watu wengi walikuwa wamenenepa, na kila aliyenenepa alimlaumu yeye. Wanawake watatu walimwambia waziwazi kuwa tepu yake mpya ni fupi. Siku hiyo usiniulize alivyokuwa. Aliweka mkasi mezani akasema, "Mama, nikipoteza tena vipimo vya watu, tepu naikunja. Nitashona foronya mpaka kufa. Mto hauna kiuno."

Nilimjua, hatanii. Na mimi foronya mia ndani ya nyumba nizipeleke wapi?

Fundi akampa shauri. Yapo makampuni, akasema, yanakuhifadhia picha zako mbali huko, simu ikifa wewe unachukua mpya unazikuta.

"Mbali wapi?" Sindano akauliza.

"Mbali tu. Kwenye mashine zao."

"Yaani viuno vya wanawake wa mtaa huu niwakabidhi watu nisiowajua? Fundi, humu kuna wenye waume ambao hawajawahi kuambiwa hizo namba."

Fundi akakuna kipara. Akasema basi ipo njia nyingine: unaweza kuwa na ghala lako mwenyewe nyumbani. Unanunua kompyuta ndogo, unaichomeka diski, unaiunganisha na intaneti ya nyumbani, inakaa imewaka usiku na mchana. Simu yako inapeleka picha huko popote ulipo, na wewe ndiye mwenye ufunguo.

Ilipokuja, nilicheka. Kompyuta gani hiyo? Kipande cha sabuni ya kufulia ni kikubwa kuliko yenyewe. Haina uso, haina vitufe, ina matundu tu pembeni. Kwa kuwa haina uso, wakaichomeka kwenye televisheni yangu, na kwa siku tatu mfululizo mimi nikakosa tamthilia. Mpaka leo sijui kama yule daktari alimuoa yule muuguzi au dada yake.

Fundi aliandaa kadi ndogo kama ukucha, akaitumbukiza kwenye kompyuta, halafu akawa anasoma maelekezo kwenye simu yake huku Sindano akichapa kwa vidole viwili. Maandishi meupe kwenye weusi, yanapanda, yanapanda, kisha yanagoma. Wanaanza tena. Yanagoma. Siku ya pili fundi alibadilisha miwani mara kumi na nne, nilihesabu, akasema labda kompyuta ni mbovu. Sindano akasogea akatazama ile mistari kama anavyotazama pindo la gauni la mtu mwingine. Huyu anaona uzi uliochomoka akiwa upande wa pili wa ukumbi.

"Hapa nukta imerukwa," akasema.

Akaiweka. Mistari ikateremka kama maji ya bomba.

Picha ya kwanza kuingia ghalani ilikuwa ya mguu wangu. Sindano alinipiga nikiwa nimelala kitini, akaituma kutoka chumba cha mbele, na mimi nikafumbua macho nikauona mguu wangu umejaa kwenye televisheni, mkubwa kama jahazi, vidole vitano vinanitazama. Nilisalimia kwanza kabla sijautambua. Kabla sijatulia, simu ikaita. Mwanangu, dereva wa lori, alikuwa safari ya siku tatu kutoka nyumbani, na Sindano alikuwa amempa ufunguo wa ghala.

"Mama," akasema, "mguu wako nauona huku. Kata kucha."

Tulicheka mpaka fundi akavua miwani yote miwili. Sindano alikuwa anazunguka sebule anapiga makofi kama mtoto. Kisha akachomoa kompyuta kwenye televisheni, akaileta chumbani kwangu, juu ya kabati la dirishani, maana kisanduku cha intaneti kinakaa pale.

"Mama, wewe ndiye mlinzi. Isizimwe, isimwagiwe maji, isiguswe."

Kuvishwa hakukutaja.

Sasa mtu aliyelelewa vizuri anajua kwamba kitu chenye umeme hakikai uchi. Redio yangu ina kitambaa cha kufuma, televisheni ina chake, friji lina chake chenye pindo, hata birika la umeme lina kishuka chake. Nikakipa kipande cha sabuni kitambaa cheupe chenye maua. Kikapendeza. Kikawa na joto kidogo, lakini nani hana joto?

Wiki ileile ikaja kwaya. Watu arobaini, magauni na majoho arobaini, kwa ajili ya mashindano ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita meli, alileta vitambaa robota tatu. Sindano akawapima wote kwa siku mbili, akaweka kila kitu ghalani, kisha kwaya ikapanda basi kwenda kambini kwenye mazoezi, mji wa mbali. Wangerudi asubuhi ya mashindano yenyewe, washuke, wavae, waimbe. Kwa hiyo vipimo vile havikuwa na pa kuchukuliwa tena. Simu mpya ya Sindano ilikuwa ndogo, kila jioni alifuta picha akaziacha ghalani tu. Fundi alimwambia anunue diski ya pili, aweke nakala. Akasema, "Nikimaliza kwaya."

Na mimi wakati huo nilikuwa na msiba wangu. Kuku wangu mweusi alikuwa anaatamia mayai manne, siku ya kumi na sita, akashtuliwa na paka akahama mtaa. Hakurudi. Nikayashika yale mayai, bado yana uhai, yanapoa mkononi mwangu. Nikatazama huku na huku chumbani. Nikaitazama kompyuta.

Usinihukumu upesi. Joto lilikuwa linatoka bure dirishani, halimsaidii mtu. Nikayapanga mayai juu yake, nikayafunika kwa kile kitambaa, na juu yake nikaweka kofia ya sufu aliyovaa mwanangu alipokuwa mchanga. Ilikuwa kama mtoto amelala.

Kesho yake mchana Sindano akaita kutoka chumba cha mbele. "Mama, ghala halifunguki."

Nikasikia nyayo zake. Nikatia mayai kifuani, kofia chini ya mto, kitambaa mabegani. Akaingia akaikuta kompyuta uchi, taa zimezima, na mimi nimekaa kitandani mkono kifuani kama ninayesali. Akamwita fundi. Fundi alipofika, yule mdogo wa kabatini alikuwa ameshapoa, akawashwa, akawaka vizuri kabisa. Mbele ya fundi alikuwa mpole kama mchumba.

Wakaondoka. Nikarudisha mayai.

Jumatatu hivyo. Jumanne hivyo. Jumatano mara mbili, hata mwanangu akapiga simu kutoka barabarani kuuliza mbona mguu wa mama umepotea. Sindano alikuwa anawahi kunakili watu watatu, wanne, kisha ghala linazima. Usiku halali, anawaza. Mimi nilianza kuhisi jambo, sitasema uongo, lakini nilijitia hamnazo. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu, na yai moja lilikuwa linatikisika.

Jumatano jioni alikuwa amewapata watu kumi na tisa. Alhamisi ndiyo siku ya mwisho ya kukata kitambaa, ikizidi hapo nguo hazishoneki. Na asubuhi hiyo ghala likagoma kabisa. Fundi alikuja bila kubisha hodi, nikapata nafasi ya kuficha tu, sikupata ya kupumua. Kompyuta ilikuwa inaunguza. Akaiwasha, ikazima. Akaiwasha, ikazima.

"Nyamazeni," akasema, akainama, akaweka sikio kwenye diski.

Tukanyamaza. Na ndani ya ule ukimya kikatoka kisauti: pii.

Fundi akainuka polepole. "Mmesikia?"

"Nimesikia," Sindano akasema.

Pii, pii.

"Shemeji, diski ikianza kulia hivyo ndiyo inakata roho. Nimeona nyingi." Akavua miwani ya puani. "Pole sana."

Sindano hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alitoa tepu shingoni, akaikunja taratibu, ikawa kama konokono, akaiweka juu ya kabati langu. Kisha akachukua simu akaanza kumtafuta kiongozi wa kwaya, amwambie atume mtu achukue robota zake ampelekee fundi mwingine. Nikaona kidole chake kinashuka kwenye majina. Nikaona foronya mia. Nikaona lile gauni la zambarau linalojua bega langu.

Na kifuani kwangu mtu ananidonoa.

"Mwanangu, weka simu chini," nikasema.

"Mama, niache."

"Weka chini. Diski haijafa. Imezaa."

Nikatumbukiza mkono nikamtoa. Mweusi, amelowa, ganda bado liko kichwani kama kofia, anapiga kelele kama mwenye kudai nauli. Nikamweka juu ya kabati karibu na tepu. Kisha nikatoa mayai matatu, moja moja. Kisha kitambaa cha maua. Kisha, kwa kuwa hapo nilikuwa sina tena heshima ya kulinda, nikainua mto nikatoa kofia ya sufu.

Fundi aliitazama kofia. Akaitazama kompyuta. Akashusha miwani ya paji la uso. "Bi Mkubwa, ulikuwa unaivisha?"

"Ilikuwa na baridi?" Sindano akauliza, sauti yake ndogo.

"Haikuwa na baridi. Mimi nilikuwa na mayai. Siku zote hizo ni mimi. Nilikuwa nahisi, nikanyamaza. Nisamehe."

Akanitazama kwa lile jicho lake, nikajua napimwa, na mara hii si kiuno. Mdomo ukaanza kumcheza upande mmoja. Kisha akakaa chini, sakafuni, miguu mbele, akacheka cheko lililomtoa machozi ambayo hakuyatoa mwanzo. Fundi akajizuia kwa heshima yangu, akashindwa, akatoka nje kucheka ukutani. Kifaranga naye haachi.

Tulifungua dirisha. Nikakaa napepea ile kompyuta kwa ubao wa kukatia vitunguu, robo saa nzima, mkono haubadilishwi, hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Ilipopoa fundi akaiwasha. Taa ikawaka, ikabaki imewaka. Sindano akafungua simu yake, na watu arobaini wakatokea wamesimama wima mikono pembeni, hakuna aliyepungua hata inchi.

Akachukua tepu, akaitupa shingoni, akaenda kukata. Mkasi ulilia siku hiyo mpaka majirani wakadhani mvua inanyesha. Jumamosi wale arobaini walishuka kwenye basi, wakavaa, na hakuna hata mmoja aliyevuta mkono wala kushika kiuno. Waliimba jinsi gani sijui, mimi nilikuwa natazama mabega.

Siku hizi ipo diski ya pili, inakaa kwa fundi. Kompyuta iko palepale chumbani kwangu, uchi, hata kuitazama inanipa aibu kwa niaba yake, lakini sheria ni sheria. Mayai mengine mawili yalianguliwa kwenye sanduku la nguo chini ya taa, la mwisho lilikataa.

Jumapili mwanangu akapiga simu kutoka barabarani. Alikuwa anapitia ghala kama kawaida yake, akakuta kwenye picha za kwaya mtu wa arobaini na moja: mfupi, mweusi, amesimama wima juu ya meza, na karatasi yake pembeni kwa mwandiko wa Sindano, kifua inchi tatu na nusu, bega la kushoto limeshuka.

"Mama," akaniuliza, "huyu naye ni nani?"

Nikamwambia ni sauti ya kwanza, alichelewa basi la kambini.