Sampo Iliyopona

Chak. Kimya. Chak-chak. Kisha pigo moja kavu, kama kidole kinachogonga meza, na kitu kidogo kikaviringika sakafuni.

Nilizisikia sauti hizo nikiwa bado kwenye ngazi, nimetoka darasani, funguo mkononi. Ilikuwa ile miezi ambayo kuta za Guangzhou, huku Uchina, hutoka jasho. Nguo hazikauki, kioo cha bafuni hakikauki, na kurasa za daftari nililokuwa nikiandikia riwaya yangu zilikuwa zimejikunja pembeni kana kwamba zinataka kuondoka. Nilisimama kidogo mlangoni kwetu. Sauti ilikuwa inatoka ndani.

Nilipofungua, nilimkuta mjomba, kaka yake mama yangu, ambaye nilikuwa nikiishi naye tangu nilipokuja kusoma. Amevaa msuli na fulana, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Mbele yake, juu ya gazeti, ililala bastola nyeusi.

"Funga mlango, mjomba, unyevu unaingia," aliniambia. Ndivyo tulivyoitana, yeye mjomba na mimi mjomba.

Nilifunga, lakini sikusogea.

"Usiiogope, plastiki hiyo. Sampo."

Mjomba alikuwa akipeleka Dar es Salaam vitu vya watoto vya kuuza kabla ya Idi, na mizigo yake ilipitia kwa wakala mmoja pale jengo la Tianxiu. Watu wa kazi yake wana desturi: huagizi katoni hata moja kabla hujalala na sampo, ile moja ya mfano. Unaibeba nyumbani, unaitesa kama mteja mkorofi, mpaka uujue ugonjwa wake, maana mzigo ukishavuka maji haurudi. Wengine wakikuta sampo ina kasoro huitupa wakatafuta duka lingine. Mjomba hakuweza. Kabla ya biashara alikuwa fundi saa Kariakoo, na kitu kibovu kilimnyima usingizi kama mtoto mwenye homa.

"Inaumwa nini?" niliuliza, nikivuta kiti.

"Kwikwi. Ya kwanza inatoka, ya pili inatoka, ya tatu inakwama kooni. Na laobani aliniapia kwamba nikiivuta mara moja tu, yenyewe itajipakia mpaka risasi ziishe." Laobani ni bosi wa duka, kwa mjomba wote walikuwa malaobani, na wote walikuwa waongo wenye tabasamu zuri.

Risasi zenyewe zilikuwa vigololi vyeupe vya plastiki. Alivimwaga kwenye sahani akaviviringisha kimoja kimoja. Vyenye mshono aliviweka kando. Bado ilikwama, ingawa sasa ilifika ya tano. Akaitoa magazini, kile kikasha cha risasi, akaishika karibu na taa, akapitisha tupa ya kucha pale mdomoni palipokuwa na ukali. Akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye kile kipande cha juu kinachorudi nyuma. Nilimtazama kwa wivu. Laiti ningeweza kuandika sentensi kama alivyoshika ile tupa, bila haraka, bila kukosea.

"Springi ndiyo mgonjwa," alisema hatimaye. "Imechoka kabla haijaanza kazi."

Alifungua kopo lake la vikorokoro, akachagua springi nyingine, nene zaidi, akaiweka ndani. Kisha akabandua ile pete ya rangi ya machungwa iliyokuwa mdomoni mwa mtutu.

"Hiyo unaitolea nini?"

"Inaifanya ionekane ya mtoto."

"Si ni ya mtoto?"

"Umeona wapi mtoto anayetaka kitu cha mtoto?"

Dirishani palikuwa na boksi la viatu kutoka soko la Zhanxi. Lilikuwa shabaha yake tangu asubuhi. Kila likipigwa lilianguka, naye aliinuka kulisimamisha tena. Safari hii alivuta, akabonyeza. Boksi halikuanguka. Alibonyeza tena, mara saba, nane, kumi, bila kukwama hata mara moja, na boksi likabaki limesimama.

Tulikwenda kulitazama. Lilikuwa na matundu madogo ya mviringo, yametokea upande wa pili, na nyuma yake fremu ya dirisha ilikuwa imechimbika.

Mjomba alicheka kidogo, kicheko cha fundi. Kikamwishia mdomoni alipouona uso wangu.

"Mjomba, lile tangazo la getini umelisoma?"

"Mimi nisome Kichina?"

"Lina picha ya bastola kama hii. Linasema polisi wanazipima hata za plastiki. Wana mashine ya kupimia nguvu. Ikivuka kipimo, kwao hiyo ni bunduki, na aliyenayo anafungwa."

"Hilo ni la majambazi. Hii ilikuwa haiui nzi."

"Ilikuwa."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya msuli, akaivaa tena. Kisha alichukua bisibisi aanze kuirudisha ile springi chovu. Niliiona kwa mara ya kwanza mikono yake ikikosea. Skrubu ndogo ilimponyoka, akainama kuitafuta chini ya meza.

Hapo mlango ukagongwa.

Alikuwa mama mwenye nyumba, amekumbatia daftari la wapangaji, na nyuma yake askari kijana wa kituo cha mtaa. Walikuja mara kwa mara kukagua paspoti za wageni, hatukuwahi kuwaogopa. Mjomba alifunika meza kwa gazeti. Askari alituamkia, akazipiga picha paspoti zetu, akatazama viza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alikuwa anageuka kutoka.

Mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo. Mwanga ulipita kwenye boksi la viatu ukaangukia sakafu katika vidoa vidogo, kama kumi. Askari alivitazama. Akalitazama boksi. Akaja mezani, akaliinua gazeti kwa vidole viwili.

Aliniuliza swali, kwa upole.

"Anasemaje?" mjomba aliuliza.

"Anauliza kama ilinunuliwa hivi, au kuna mtu ameitengeneza."

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni: ilinunuliwa hivi. Nadhani mjomba aliliona.

"Mwambie ni mimi. Mwambie ilikuwa mbovu."

"Mjomba..."

"Ukimdanganya tutakwenda wawili. Mwambie."

Nilimwambia. Askari aliitia bastola kwenye mfuko unaoonyesha ndani, akasema itapimwa kituoni, ikiwa chini ya kipimo mzee atarudi jioni. Nikamuuliza, na ikivuka? Alimwomba mjomba avae suruali. Mama mwenye nyumba alikuwa akisoma daftari lake, ukurasa uleule.

Mjomba alinawa mafuta mikononi, akavaa suruali na koti.

"Ungeiacha mbovu tu," nilisema.

"Sijui kuacha, mjomba." Alivaa viatu akiwa amesimama, ameshika ukuta uliolowa. "Mchele nimeshauosha. Mama yako usimpigie kwanza."

Mama mwenye nyumba alitangulia, askari akafuata na mfuko wake. Mjomba alitoka wa mwisho, akauvuta mlango nyuma yake mpaka kitasa kikashika.