Mama niliyempita kwenye theluji sasa ninamwogesha kila asubuhi

Asalaam aleikum, admin, na nyote mnaosoma. Naomba jina langu lifichwe kabisa, maana sisi wa huku Arlington ni wachache na tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Mombasa. Nina mume na binti wa miaka tisa, hapa nitamwita Salma. Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa waliovunjika, wale wanaojifunza kutembea upya.

Mwezi wa kwanza tulikwenda Houston kwa kaka yangu, mkewe alikuwa amejifungua na Jumamosi wakafanya akika. Tulikula, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Jumapili asubuhi simu zetu zote zikawa zinalia, theluji inaingia huku kwetu. Kaka akasema, "Laleni bwana, muende kesho. Watu wa huku hawajui kuendesha kwenye barafu." Mume wangu akakataa, alikuwa na zamu Jumatatu alfajiri. Basi kaka akatufungia juu ya gari zulia jekundu alilotuzawadia, tukaondoka baada ya adhuhuri.

Tulipopita Corsicana mistari ya barabara ilikuwa haionekani tena. Niliyekuwa naendesha ni mimi. Bado kulikuwa na mwanga. Mbele nikaona gari dogo limeingia mtaroni, na pembeni mama mmoja mtu mzima, amejifunga kitenge cha buluu juu ya koti, anapunga mikono yote miwili. Nikakanyaga breki kidogo. Akaanza kutukimbilia.

Mume wangu akashtuka. "Usisimame, mama Salma! Gari likisimama hapa halitoki, na nyuma kuna lori. Wengine watapiga simu."

Salma akasema kutoka nyuma, "Mommy, she's running to us."

Nikamwona kwenye kioo akiteleza, akaanguka. Nikakanyaga mafuta.

Nilinuia kupiga 911, namba ya dharura, tukifika kituo cha mafuta. Wallahi nilinuia. Lakini mbele kulikuwa na daraja limeganda, gari likayumba, nikaanza kusoma kila dua ninayoijua. Tukafika kituoni salama. Nikaenda chooni, nikanunua kahawa, nikamchukulia Salma chipsi, tukaondoka. Sikupiga. Nilisahau. Ndugu zangu, kutosimama naweza kujitetea mbele ya mtu. Kusahau sina la kusema.

Tulipofika nyumbani Salma akaniuliza kama yule mama alisaidiwa. Nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu, polisi walifika." Akafurahi, akaenda kulala.

Wiki mbili baadaye kazini wakaniita. Kuna mgonjwa mpya, Mkongo, amevunjika nyonga, Kiingereza kinampa taabu, nimshike mimi kwa sababu ya Kiswahili. Sikumtambua. Mtu aliyelala kitandani na gauni la wagonjwa hafanani na mtu anayepunga mikono barabarani. Nitamwita Mama Furaha. Siku ya tatu, nikimpaka mafuta miguuni, akaanza kunisimulia mwenyewe.

Walikuwa wanatoka Houston kumwona mtoto wao. Mumewe alishikwa na kifua akiwa kwenye usukani, gari likaacha njia. Simu ilikuwa imezima.

"Nikatoka inje kuomba batu," akasema. "Motokari moja ikapunguza mbio. Nikaona mataa yake ya nyuma, nikasema, Asante Mungu. Ilikuwa na kapeti nyekundu juu. Nikakimbia, nikaanguka. Ikaenda."

Hiyo nyonga aliivunja pale. Alipokuja mtu wa kuwasaidia, mumewe alikuwa ameshakata roho.

Nilimwambia nakwenda kuleta taulo. Nikaingia chumba cha mashuka, nikafunga mlango, nikauma mkono wangu ili watu wasinisikie.

Tangu siku hiyo sijalala usingizi wa maana. Nikifumba macho naona kile kioo. Zulia nimelikunja nimelisukumia gereji, na mume wangu aliponiuliza sababu, nikamweleza yote. Kisha akasema, "Ukimwambia, mumewe atafufuka? Utakuwa umejitua wewe mzigo, umemtwika yeye." Sijui kama ni hekima au ni woga. Yeye mwenyewe siku hizi anasali sana, na tukienda mahali haniachii usukani.

Mama Furaha ananipenda. Ninampikia samaki nyumbani, ninamsuka, na siku nisipokuwa zamu anakataa kuogeshwa na mwingine. Ananiita binti yangu. Kila anaponiita hivyo natamani ardhi inimeze. Juzi nikimvalisha soksi akaniuliza, "Unafikiri ule mutu wa motokari aliniona?"

Nikasema, "Labda hakukuona, mama. Theluji ilikuwa nyingi."

"Aliniona. Tuliangaliana." Akaninyooshea mguu wa pili. "Siku nikimupata, nitamuuliza kitu kimoja tu."

Sikuthubutu kuuliza ni kitu gani.

Ijumaa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Jumapili watoto wake wanafanya maombi ya kumkumbuka baba yao, na anataka nikae mbele pamoja nao kama mtoto wa familia. Nimetoa visingizio vyote, havikubali. Na leo asubuhi ameongeza jingine: nije na Salma, anataka amwone mjukuu wake.

Salma ana macho makali, na ule uso aliuona vizuri kuliko mimi. Akimtambua, atasema palepale, mbele ya wafiwa. Na atajua kwamba hakuna polisi waliofika.

Nimwambie Mama Furaha ukweli kabla hajatoka, peke yetu, hata kama ni kumfungua kidonda upya? Au nipotee, nibadilishe zamu, nimwache abaki na binti anayemdhania? Nishaurini jamani, nifanye nini? Hata wa kunitukana nitukaneni, nitasoma yote. Ila msiniambie nisahau.