Mgonjwa wa Bi Namba

Jengo lile la bima lina ghorofa nane na simu mia tatu na kumi na mbili, na kila apigaye kutoka nje hupokewa kwanza na sauti moja. Sauti yenyewe ni nzuri, simnyimi mtu haki yake: ya upole, haina haraka, sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi. Mwenye sauti alikaa chumba cha swichibodi, chini ya ngazi, pasipo dirisha, na wengi waliomsikia kwa miaka kumi na tisa wangekutana naye sokoni wangempita tu. Walimwita Bi Namba, maana namba zote za ndani alikuwa nazo kichwani. Umtake mhasibu, umtake mwanasheria, alikuunganisha kabla hujamaliza kujieleza. Yeye mwenyewe hakuwa na wa kumtafuta.

Umri wake ulikuwa hamsini na mmoja. Aliwahi kuolewa, miaka miwili, wakaachana bila kelele na bila mtoto. Alimuuguza mama yake mpaka akamzika. Ndugu hakuwa naye, alizaliwa kifungua mimba akawa ndiye kitinda mimba. Jioni alipanda ngazi hadi kwake, chumba na sebule, ghorofa ya tatu, na ile sauti iliyowahudumia watu mchana kutwa haikuwa na hata mtu wa kumwambia "nipishe".

Ila sungura. Aliachiwa na jirani wa chini aliyekuwa anahama. "Nishikie wiki mbili tu, dada," alisema yule jirani, na wiki mbili hizo zikafika miaka mitano. Alikuwa sungura mweupe, sikio moja limelala, na kwa jinsi alivyopenda kukaa katikati ya njia akisubiri apishwe, Bi Namba alimpa jina la Mzee. Mzee akisikia ufunguo mlangoni alikuja mbio, akamzunguka miguuni mara mbili, kisha akampa mgongo kwa kuchelewa kurudi. Na Bi Namba alimwomba radhi. Ndiyo, mtu mzima alimwomba sungura radhi kila jioni. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Jumatatu moja ufunguo ulilia, na Mzee hakuja. Alimkuta nyuma ya kochi, amejikunyata, anasaga meno polepole. Majani yalikuwa bakulini kama alivyoyaacha asubuhi, na kwenye gazeti la kulalia kulikuwa na matone ya damu. Sungura ndivyo alivyo, hufunika ugonjwa hadi umlemee. Watu wanasema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini nani amemfundisha sungura methali?

Kesho yake, baada ya kazi, alimpeleka kwa daktari wa wanyama, binti ambaye angeweza kuwa mwanawe. Daktari alimpapasa tumbo, akamgeuza chali, akatabasamu.

"Mama, huyu si mzee. Huyu ni bibi."

Tabasamu halikudumu. Mikono ilirudi tumboni ikakaa pale pale. Akaeleza kwamba kuna uvimbe kwenye mji wa mimba, na sungura jike wa umri huo hupatwa sana. Akiachwa, ni wiki chache. Akipasuliwa, anaweza kupona, lakini wanyama hawa dawa ya usingizi huwashinda mara nyingi. Na hata akiamka, lazima ale. Tumbo la sungura halitakiwi kusimama. Likikaa tupu siku nzima, hilo peke yake linatosha kumuua. Atahitaji mtu wa kumlisha kila baada ya saa chache.

"Nyumbani uko na nani, mama?"

"Tuko," alisema Bi Namba, akaomba karatasi atie sahihi. Palipoandikwa jina la mwenye mnyama alijaza. Palipoandikwa mtu mwingine wa kupigiwa simu alisita, mwishowe akaandika namba ya ofisini. Wangepiga, angepokea yeye mwenyewe.

Upasuaji ulipangwa Alhamisi. Jumatano alikwenda kwa msimamizi wake kuomba ruhusa. Likizo alikuwa nazo tele, zimelimbikizana hadi ofisi ya utumishi iliwahi kumwandikia barua ya kumsihi aende popote. Kwa hiyo hakuhitaji sababu yoyote. Msimamizi aliuliza kwa uungwana tu, macho yakiwa kwenye makaratasi: kuna nini, Bi Namba, maana wewe huwa huendi popote?

Neno "sungura" lilifika kwenye ulimi. Akaliona likitoka mle ofisini kabla yake, likipanda ngazi ghorofa zote nane, likishuka kantini, watu wakishika mbavu.

"Nina mgonjwa," alisema. "Mdogo wangu. Anafanyiwa upasuaji kesho. Ni uvimbe."

Msimamizi aliinuka kitini. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuinuka kwa ajili yake. Akazunguka meza, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema pole, pole sana, mbona umekaa kimya na jambo zito hivi? Akamwambia asionekane kazini mpaka Jumatatu. Bi Namba alitoka akarudi kwenye swichibodi yake. Aliyeogopa kuitwa mwongo angeweza kutulia: hakuna aliyewahi kumwuliza kama ana ndugu, basi nani angembishia?

Alhamisi alikaa kwenye benchi la zahanati kuanzia saa tatu, kikapu kitupu mapajani. Saa sita daktari alitoka, mikono mibichi, akasema ameamka. Uvimbe ulikuwa na ukubwa wa limau. Mzee alirudi nyumbani amenyolewa tumbo, mshono mwembamba katikati, macho mazito. Bi Namba alitandika godoro sakafuni, akalala naye sambamba. Alisaga majani makavu kwa maji, akayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akamtilia pembeni mwa mdomo, tone kwa tone. Mengine yalimezwa, mengi yaliishia kwenye gauni. Ijumaa hakula kitu kwa hiari yake. Bi Namba alikagua gazeti la kulalia akitafuta kinyesi kama mtu aliyedondosha hereni, na jioni alipookota vidonge vitatu vidogo alivibeba kiganjani hadi dirishani kuvitazama vizuri. Tumbo lilikuwa linafanya kazi. Jumamosi asubuhi Mzee alinusa jani la giligilani, akatafuna, akataka jingine. Bi Namba akacheka peke yake sakafuni, na kicheko kilimshtua mwenyewe.

Jumatatu alirudi kazini. Kabla hajavaa kisikilizi, tarishi mzee aliingiza kichwa mlangoni.

"Mgonjwa anaendeleaje, mama?"

Habari ilikuwa imetembea. Msimamizi aliuliza, wa utumishi wakapiga simu kuuliza, hata mwanasheria wa ghorofa ya saba, ambaye siku zote alisema "niunganishe" bila salamu, alianza na pole. Naye Bi Namba aliwajibu wote ukweli mtupu. Jana amekula kidogo. Kidonda kikavu. Bado anajikunja, lakini leo amesogea mwenyewe hadi mlangoni. Uongo wake ulikuwa mmoja tu, mengine yote alikuwa anayasema sawasawa.

Aliyeshika usukani wa mambo alikuwa mama wa kantini. Huyo alipasuliwa ugonjwa huo huo miaka mitatu nyuma, na alijua kila hatua. Alishuka mwenyewe hadi chini ya ngazi, akakaa kwenye kiti cha ziada ambacho hakikuwahi kukaliwa, akatoa maagizo: mgonjwa asibebe kitu, asiachwe peke yake muda mrefu, atembezwe polepole. Mchana alimpa thamosi ya supu ampelekee. Bi Namba aliruhusiwa kwenda nyumbani saa ya chakula kumlisha mdogo wake, na huko, baada ya kumalizana na bomba na majani, alikaa sakafuni akanywa supu ya mgonjwa huku mgonjwa akimtazama. Aliona aibu. Pia ilikuwa supu nzuri kuliko zote alizokunywa tangu mama yake afe, na aliimaliza.

Siku zilivyokwenda aliamka mapema ili awahi kuulizwa. Nisimfichie: alianza kuupenda ugonjwa ule. Si ugonjwa wenyewe, alikuwa tayari kutoa kidole Mzee apone. Alipenda kwamba mlango ulifunguliwa, mtu akasimama, na kwa dakika mbili nyumba yake yenye giza la jioni ikawa jambo la kuzungumzwa na watu. Tarishi alimwambia kwamba amemwombea mdogo wake kwa jina la "yule binti". Bi Namba aliitikia amina. Afanye nini, amwambie kwamba yule binti ana masikio ya urefu wa shubiri?

Ijumaa ya wiki ya pili alimsikia Mzee akihema. Mbavu zilikwenda mbio hata alipokaa, na pua haikutulia. Alimrudisha zahanati, na daktari akaweka kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu, akakitoa. Ugonjwa ulishatangulia kwenye mapafu, alisema, kabla hata ya upasuaji, na hapo hakuna kisu. Alitoa dawa ya maumivu, akamwomba amtulize tu.

Alirudi kazini mchana huo, na mama wa kantini alikuwa anamsubiri kwenye kile kiti.

"Vipi mgonjwa wetu?"

Wetu. Bi Namba alifungua mdomo. Alijua akisema "mapafu" huyu mama atavua aproni sasa hivi na kuongozana naye hadi nyumbani.

"Anaendelea vizuri," alisema, na huo ndio ukawa uongo wa pili.

"Basi Jumapili nakuja kumwona. Nimechoka kumuuguza kwa thamosi."

"Jumapili anakwenda kutolewa nyuzi. Njoo wiki ijayo, dada yangu."

Mama wa kantini akaridhika. Akampigapiga begani akapanda ngazi, na Bi Namba akapokea simu iliyokuwa inalia.

Jumapili ilikuwa na jua. Watoto walicheza mpira chini, na redio ya jirani ilisoma matokeo ya mechi. Mzee alikuwa mapajani mwake, amefunikwa taulo, haangalii tena giligilani. Bi Namba alimkuna nyuma ya sikio lililolala na kumwambia kwamba amesamehewa kila kitu, nyaya alizotafuna na mguu wa meza. Ilipofika saa saba na kitu zile mbavu zilizokuwa zinakimbia zikaenda taratibu, mwili ukajinyoosha mara moja, ukawa mzito. Aliendelea kumkuna kwa muda. Alisikia goli linashangiliwa chini. Saa ile ile, kama angesema "njoo", mama wa kantini angekuwa amekaa kwenye kochi lile, na wazo hilo lilimuuma karibu sawa na kifo chenyewe.

Alimfunga kwa kitambaa safi, akamtia kikapuni, akampeleka zahanati. Palikuwa pamefungwa. Mlinzi alimsikiliza, akaleta jembe, akachimba kando ya ua bila maswali mengi. Aliuliza tu kama ni paka, kisha akaomba samahani. Bi Namba aliweka kitambaa chini mwenyewe. Hakulia. Mlinzi alikuwa mtu mgeni, tena alikuwa kazini.

Usiku ule hakuna la kusimulia, alilala au hakulala. Asubuhi, njiani, alilipima jambo lake. Akisema amefariki, ofisi nzima itasimama. Watauliza msiba uko wapi, maziko saa ngapi, gari la kazi litatolewa, kina mama watafika na mikeka kulala naye, na watataka kuuona mwili wa yule binti. Akisema ukweli, tarishi atakuwa ameomba dua kwa sungura, na mama wa kantini atakuwa amempikia sungura supu siku tisa. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, nao wasingemkawilia. Lakini mfiwa huyu alikuwa amejifungia mlango kwa mkono wake.

Alipofika, walikuwa watatu mlangoni pa swichibodi: msimamizi, tarishi na mama wa kantini, thamosi mkononi.

"Haya, tuambie," alisema mama wa kantini. "Nyuzi zimetoka?"

"Zimetoka," alisema Bi Namba. Ile sauti haikutikisika. "Amepona. Hana tena maumivu. Jana mchana amerudi kwao."

Tarishi aliinua mikono kushukuru. Msimamizi alisema aliwaambia, hakuwaambia? Mama wa kantini aliweka thamosi chini, akamvuta Bi Namba kifuani, akamkumbatia kwa nguvu za mtu anayekanda unga tangu alfajiri. Alinuka moshi na vitunguu. Hapo kilio kilimtoka Bi Namba kama kilivyotaka, kwa sauti ambayo hakuna mtu wa jengo lile aliyewahi kuisikia kwenye simu yoyote, akashikilia aproni ya mwenzake kwa mikono yote miwili na hakuweza kuacha.

"Mwacheni alie," alisema mama wa kantini, akicheka huku naye machozi yanamlengalenga. "Ni furaha. Mimi mwenyewe nilipopona, dada yangu alilia hivi hivi."

Wakamzunguka, wakampapasa mgongo, wakampongeza, hadi simu ilipoanza kulia na kila mmoja akarudi kwenye kazi yake. Kuanzia siku hiyo hawakumwuliza tena.