Mrudie Hakimu Ambaye Hajakusikia

Naikumbuka Jumanne moja, mwanangu, tukiwa msibani kwetu Segese na kaburi la baba limekwisha kuchimbwa. Mchungaji alikuwa ameshawasili, wapishi wameshapakua, na kilichobaki ni kuufuata mwili mochwari, mjini Kahama. Kaka yangu Masanja aliondoka na gari asubuhi. Alirudi mchana na gari tupu.

"Tumezuiwa," alisema akiwa bado mlangoni. "Kuna amri ya mahakama. Baba asizikwe mpaka kesi iishe."

Kesi gani? Hata sisi hatukujua kama tuna kesi. Baba yangu alizaliwa kijijini, upande wa Geita, akahamia Segese akiwa kijana, akaoa, akalima, akafuga, akatuzaa sisi. Kaka yake, tuliyemwita Baba mkubwa Lufunga, alitaka ndugu yake alazwe kwenye makaburi ya ukoo. Mama alipokataa, mzee yule hakugomba. Aliaga kwa adabu, akapitia mahakamani. Hakimu akaelezwa kwamba mazishi ni kesho, na mtu akishafukiwa hakuna cha kubishania tena. Akatoa zuio la muda bila kutuita. Simlaumu hata leo. Mwamba ngoma, wahenga walisema, ngozi huvutia kwake. Na siku ile mwamba ngoma alikuwa mmoja tu.

Masanja hakutaka kusikia hayo. "Twende Mahakama Kuu," alisema. "Hakimu ana wakubwa zake." Nami nikamuunga mkono. Ujana una tabia hiyo: ukiumizwa na mtu, unatafuta aliye mkubwa kuliko yeye. Mama alitusikiliza, akafunga khanga yake vizuri, akasema neno moja tu: "Nendeni. Lakini kumbukeni baba yenu yuko kwenye barafu."

Enzi zile Mahakama Kuu tuliifuata Mwanza. Tulipanda basi alfajiri, tukafika, tukaelekezwa kwa wakili mmoja, mama wa makamo. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaisoma ile amri taratibu, kisha akavua miwani.

"Hakimu mlimwambia nini?"

"Hatukumwambia kitu, mama," Masanja alijibu. "Hatukuwepo."

"Basi mnamkatia rufaa kwa lipi? Hajawakatalia neno. Hajawasikia bado."

Masanja akaanza kueleza jinsi tulivyoonewa. Yule mama akamwacha amalize, halafu akatufafanulia. Amri ile ilikuwa ya muda tu, haikuimaliza kesi, na sheria hairuhusu kuikatia rufaa amri ya namna hiyo. Mahakama iliyoitoa ndiyo yenye uwezo wa kuiondoa au kuibadili, ikiwa aliyeumizwa nayo atakwenda kuiomba. "Ningeweza kuwaandikia rufaa," alisema, "na baba yenu angeendelea kulala mochwari mpaka mwambiwe: rudini Kahama. Sasa si mrudi leo?"

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kufunga safari ndefu kwenda kuuliza, kisha ukakataa jibu. Masanja alilikubali jibu lake, ingawa kwa shingo upande. Yule mama akatuandalia maombi ya dharura, akaja nasi. Tukapanda basi la kurudi. Tulipokaribia Shinyanga kaka yangu akaninong'oneza, "Nilitaka kumkomesha Baba mkubwa. Kumzika baba sikukuwaza kabisa."

Hakimu aliziita pande zote mbili wiki ileile. Wakili wetu alisema yake, kisha mama yetu akaomba kuongea. Kiswahili chake kilichanganyika na Kisukuma, lakini hakimu hakumharakisha.

"Mheshimiwa, mtoto wetu wa kwanza alifariki akiwa bado ananyonya," alisema. "Mume wangu alimzika kwa mikono yake, pale nyuma ya nyumba. Akaniambia, siku yangu ikifika, nilaze kando ya huyu. Wachimbaji wa dhahabu walipotaka kununua eneo letu, tulikataa. Sababu ni hiyo."

Baba mkubwa Lufunga akasimama bila kuitwa. "Shemeji, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, shemeji."

Hakimu alimwomba mzee aketi. Aliketi, akainamisha kichwa, na nadhani hakusikia mengi yaliyofuata. Zuio liliondolewa jioni ile. Baba mkubwa angeweza kuendelea na kesi, lakini aliifuta mwenyewe. Kesho yake tulimzika baba, naye Lufunga ndiye aliyetangulia kutupa udongo. Mama akamwambia, "Wabeja," yaani asante. Mzee alikaa nasi mpaka matanga yakaisha.

Basi, mwanangu, sikia. Siku hizi watu hupelekana mahakamani kwa mashamba, kwa mashimo ya dhahabu, hata kwa watoto. Ukiletewa amri iliyotolewa wewe hupo, usikimbilie kutafuta nani mkubwa kuliko aliyeitoa. Jiulize kwanza: huyu alinisikia? Kama hakukusikia, mrudie mapema, maana muda wa kumrudia nao una mwisho, ukamweleze kwa heshima kwa nini hukuwepo na una neno gani. Kama alikusikia, akaimaliza kesi yako, nawe una sababu ya kuamini kwamba amekosea, hapo rufaa ni haki yako. Panda ngazi bila woga. Njia hizi mbili usizichanganye. Mtafute anayeijua sheria akutenganishie, kabla hasira haijakuchagulia. Na nyumbani kwako fanya vivyo hivyo: usimhukumu ndugu yako kwa maneno ya aliyetangulia kufika.

Mungu akujalie kila utakapoonewa awepo wa kukusikiliza. Na atakayesimama mbele yako akililia haki yake, akujalie subira ya kumsikia mpaka amalize.