Viazi vya Attracta na Handaki la Watawa

Attracta Gormally alikuwa na miaka hamsini na minane, na tisa ya mwisho alikuwa ameiishi kwenye kibanda cha magurudumu nyuma ya nyumba ya kaka yake, Malachy. Mvua ya kwao Kiltarragh hainyeshi kwa aibu, na kila tone alilisikia. Kazini, kwenye makao ya wazee, aliwapikia watu sitini. Kwake hakuwa na pa kugeukia akishika sufuria. Alichokitaka duniani ni nyumba yenye jiko, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, kando ya gofu la kanisa la watawa.

Halmashauri ilimkatalia kibali cha kujenga mara mbili. Mara ya tatu ikakubali kwa sharti: ardhi ichimbwe kwanza, ionekane kama watawa wale wa miaka mia nane iliyopita hawakuacha kitu chini. Kikionekana mahali pa nyumba, basi, hakuna nyumba.

Jumanne asubuhi akaja Sorcha Devane, mtaalamu wa mambo ya kale, binti wa buti kubwa na maneno machache. Katapila liliendeshwa na Malachy, kijiko chake kimetolewa meno ili kikwangue udongo taratibu. Mtaro wa kwanza haujafika mbali, Sorcha akainua mkono. Katikati ya udongo wa manjano palikuwa na mkanda mweusi, mpana kama barabara.

"Handaki la kale, lililofukiwa," akasema. "Watawa walilizungushia kanisa lao. Pole, mama. Likinyooka hivi, linapita jikoni kwako."

"Si nilikwambia!" Malachy akapaza sauti kutoka juu ya katapila. "Watawa hawahami, Attracta. Rudi kibandani ukachemshe chai!"

Lakini weusi ule Attracta aliujua.

"Halinyooki," akasema.

"Umejuaje?" Sorcha akauliza.

"Nimelima viazi hapa tangu nina miaka saba. Kila tuta lina kipande kinachotoa viazi vya kujaza mkono, na pembeni yake vidogo kama gololi. Baba alidhani ni mbolea, kumbe ni udongo huu mweusi. Hebu nipe vigingi."

"Mama, ramani yangu..."

"Ramani yako imewahi kuvuna kiazi?"

Akatembea akikumbuka tuta kwa tuta, akachomeka vigingi vilivyopinda kuelekea kanisani, mbali na nyumba. Malachy alicheka hadi kofia ikamdondoka. Sorcha hakucheka. Akaagiza mtaro wa pili, wa tatu, hadi wa tano. Kila mtaro ulipopita kwenye kigingi, weusi ukatokea. Mahali pa nyumba palikuwa manjano tupu, udongo ambao haukuwahi kuguswa na mtu.

"Hatua kumi na moja nje ya handaki," Sorcha akasema huku akiandika. "Mama, utajenga."

Attracta alipiga ukelele, kunguru wakaruka kutoka kwenye gofu. Hakuwahi kufurahi hivyo, na hakujaribu kuficha. Malachy akashuka, kofia mkononi, akaja kumpa mkono dada yake. Attracta, amesimama juu ya manjano yake, akamnyooshea kidole.

"Wee! Futa miguu kwanza. Unaingia jikoni kwangu."