Karatasi Niliyomsomea Mama wa Mogitu

Kuna kipindi nilikuwa najua nani kaumia barabarani kabla habari haijafika kijijini kwao. Siyo kwa umbea, ingawa umbea ninao wa kutosha. Steshenari yangu hapa Katesh inatazamana na geti la hospitali, na mashine ya fotokopi ninayo. Mtu akipata ajali, ndugu zake wanapita polisi kuchukua PF3, ile fomu ambayo bila hiyo utasumbuka kila dirisha, na wakifika hospitali wanaambiwa wakatoe kopi. Basi wanavuka barabara wanakuja kwangu. Naiweka fomu kwenye kioo, nafunika, na wakati mashine inanguruma nakuwa nimeshaisoma yote: jina, kijiji, gari lililogonga, mahali palipoumia. Hakuna aliyenikataza, na mimi sikujikataza.

Mtu mmoja wa kudai fidia za ajali aligundua hilo siku ya kwanza tu. Alikuja kutoa kopi za vitambulisho, amevaa koti na viatu visivyo na vumbi, na Katesh mtu mwenye viatu visivyo na vumbi si wa kukaa. Alisema anatoka Arusha. Akatazama geti la hospitali, akatazama mashine yangu, akacheka.

"Dada, wewe umekalia mali hapa na hujui."

Akanieleza. Kila gari lina bima, na bima ndiyo inayotakiwa kumlipa aliyegongwa. Watu wa vijijini hawajui, kwa hiyo wanamalizana na mwenye gari kwa kondoo mmoja na pole nyingi. Yeye anawapeleka kwa wakili, wakili anawadai bima, watu wanapata haki yao. Kazi yangu ingekuwa ndogo sana. Nikiona PF3 ya ajali ya gari, nimbipu. Yeye angenitumia noti nyekundu, elfu kumi, kwenye simu, moja kwa kila mgonjwa.

Nataka nieleze kwa nini sikuona ubaya wowote, maana watu wa mjini wakisikia hivi wanadhani nilikuwa mwizi tangu mwanzo. Mimi nimezaliwa Gehandu, kwenye ng'ombe. Kwetu, dume likipotea na mtu akaja kukuambia ameliona kwenye chemchemi fulani, humwachi aondoke hivi hivi. Baba yangu aliwahi kumpa mtu mwanakondoo kwa maneno hayo tu, hata kabla hajaenda kuhakikisha. Mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo yule mtu wa Arusha aliponitumia noti ya kwanza, niliichukua kama shukrani ya mtu aliyeonyeshwa. Sikujiuliza swali ambalo mtoto wa mfugaji yeyote angejiuliza: ng'ombe mwenyewe ni wa nani? Baba alitoa shukrani kwa sababu dume lilikuwa lake. Huyu wa viatu safi alikuwa hajapoteza kitu. Nakasirika sana nikikumbuka, kwa sababu makosa ya wenzangu huwa nayaona haraka mno.

Nilimbipu mara kadhaa. Kisha ikaja zamu ya mama mmoja wa kijiji cha Mogitu.

Alikuwa amesimama kando ya barabara na magunia yake mawili ya maharage, anasubiri usafiri wa kwenda mnadani. Lori la Fuso lilimkwepa punda, likamfuata yeye. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili. PF3 yake ililetwa na mkwewe, mke wa mwanawe, binti mdogo mwenye mtoto mgongoni, nami nikamvutia kiti. Nilimpa maji. Nilimwambia pole. Na kopi ya pili ilikuwa haijatoka kwenye mashine nilipombipu yule mtu.

Kesho yake asubuhi alikuwa wodini na juisi na biskuti. Ndani ya wiki mama alikuwa ameweka dole kwenye karatasi ya kumkubali wakili. Daktari alimfunga vyuma, lakini baada ya miezi mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Akamwambia anahitaji kupasuliwa tena kwenye hospitali kubwa, la sivyo jembe asahau. Mjane mwenye shamba, mwanae yuko machimboni na hajulikani anarudi lini, na anaambiwa asahau jembe. Tumaini lote likawa kwenye hiyo fidia.

Alikuwa akija kliniki anapumzika dukani kwangu, magongo ameyaegemeza kwenye friji ya soda. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, Mungu alinitumia yule kijana. Sijui hata alijuaje kwamba nimelala pale."

"Mungu ana njia zake, mama," nikamjibu.

Nilisema hivyo kweli, kwa mdomo huu. Na noti niliyolipwa kwa ajili yake nilikuwa nimeshainunulia daftari za kuuza.

Mambo yangeendelea hivyo kama mwalimu mstaafu asingeniletea kazi ya kuchapa. Huyu mzee alinifundisha darasa la tano, na alipostaafu akawa msaidizi wa kisheria wa kata. Anasaidia watu bure mambo ya mirathi na mipaka ya mashamba. Aliingia na karatasi ya mkono.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti. Nichapie hili tangazo, kichwa cha habari herufi kubwa. Nataka nakala za kubandika hospitali, ofisi za kata na makanisani. Na msikitini pia."

Nikaanza kuchapa. Tangazo lilisema wakili haruhusiwi kumlipa mtu yeyote ili aletewe majeruhi. Lilisema anayetoa taarifa za mgonjwa kwa malipo, awe muuguzi, askari, dereva au mfanyabiashara wa jirani, naye ana kosa na atafikishwa panapohusika. Kwenye neno "jirani" vidole vilikosea mara tatu.

"Kwani mwalimu, kuna ubaya gani?" nikauliza, bila kutoa macho kwenye kioo cha kompyuta. "Mtu si anasaidiwa apate haki yake?"

"Anasaidiwa na nani? Wakili anayenunua wagonjwa lazima arudishe hela yake. Anapokea chochote bima wanachompa, haraka haraka, akafuate mwingine. Na yule aliyempeleka hamtafuti wakili hodari, anamtafuta anayelipa vizuri. Mgonjwa hana habari. Anadhani kapelekwa kwa wema."

Nikamprintia nakala zote. Alipoondoka nilifunga mlango nikakaa nyuma ya kaunta. Nilifuta namba ya yule mtu kwenye simu, kisha nikakuta naijua kwa kichwa. Siku zilizofuata, kila Land Cruiser ya polisi ikipunguza mwendo pale getini nilirudi nyuma ya mashine. Tangazo walilibandika kwenye nguzo inayotazama mlango wangu. Nikawa nafungua duka nimekipa kisogo kitu nilichokichapa mwenyewe. Nilijiambia basi, nimeacha, yaliyopita yamepita. Lakini mama wa Mogitu alikuwa hajapita. Faili lake lilikuwa bado liko huko nilikolisukuma.

Walikuja saa nne asubuhi, siku ya upepo, vumbi linaingia mpaka kwenye rimu za karatasi. Yule mtu mbele, mama nyuma na magongo yake, mkwewe na mtoto mgongoni.

"Dada, tutolee kopi mbili, na utuazime wino. Mama anaweka dole hapa hapa, leo anamaliza safari yake."

Nikaipokea karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza. Nikatoa kopi mbili na, kwa mazoea, nikaisoma.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini hiyo sentensi ingeeleweka hata kwa asiyefika huko. Ilisema kwamba kwa kupokea kiasi hicho, mdai amelipwa kila kitu, na hatadai tena chochote kwa yeyote kuhusu ajali hiyo, hata hali yake ikibadilika. Kiasi chenyewe kisingefika hata mlango wa chumba cha upasuaji.

"Mwanangu, kwanza nisomee," mama akasema, akijishusha kwenye kiti. "Nataka nisikie kwa masikio yangu."

"Mama, hicho ni Kiingereza, na nimeshakueleza yote," yule mtu akasema.

"Huyu amesoma. Acha anisomee."

Yule mtu akanigeukia. Alitabasamu, na sikupenda alivyotabasamu. "Msomee basi, dada. Mimi na wewe si tunafahamiana?"

Nilielewa. Nikimharibia, na yeye ana la kusema, na tangazo liko pale kwenye nguzo. Nikashika karatasi kwa mikono miwili. Ningeweza kumsomea jina, namba ya fuso na kiasi, nikaruka mstari mmoja. Nani angejua? Angeweka dole, angeondoka na kitu mkononi, na mimi ningebaki na duka langu. Naapa nililifikiria hilo mpaka mwisho wake.

Nikaanza kumsomea kwa Kiiraqw, lugha yetu. Yule mtu hakushangaa, maana mama Kiswahili chake ni cha kubahatisha. Nilisoma jina lake. Nilisoma namba ya gari. Nilisoma kiasi, naye akatikisa kichwa kukubali. Nilipofika kwenye ule mstari nikasimama, nikajifanya napangusa vumbi.

Kisha nikamwambia, kwa sauti ile ile ya kusoma, nisimtazame mtu: "Mama, hapa wanasema ukiweka dole, mguu huu umekwisha kwao. Hata ukikatwa kesho, huna pa kwenda kudai."

Aliutazama mguu wake. "Yeye ameniambia hii ni ya kwanza. Nyingine inakuja nikishapasuliwa."

"Haijaandikwa, mama. Hakuna nyingine."

"Sasa anaharakisha nini?"

"Analipwa na wakili kwa kukupeleka wewe. Jambo likiisha leo, analipwa leo."

"Mnasema nini muda wote huo?" yule mtu akauliza.

Mama alikuwa ananitazama mimi. Ni mwanamke asiyejua kusoma, lakini si mjinga. Nililiona swali likija kabla halijafika.

"Na alijuaje kwamba nimelala hospitali?"

Ningeweza kumtaja Mungu tena.

"Mimi ndiye niliyempigia," nikasema. "Ile siku mkweo alipoleta fomu. Alinipa hela."

Mkwewe, aliyekuwa akimpigapiga mtoto mgongoni, aliacha. Mashine ilikuwa bado inanguruma, nikaizima. Mama hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana, maana matusi nayaweza. Alichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akaitia kwenye kitenge. Halafu akamwambia yule mtu kwa Kiswahili, polepole:

"Kijana, leo dole siweki."

Yule mtu alipiga kelele, akataja gharama, akataja wakili anayesubiri, akanitaja mimi kwa majina ambayo sirudii. Kisha akaona watu wanaanza kusimama mlangoni, akaondoka. Mama alilipa kopi zote mbili. Nilimkatalia, akaiacha sarafu juu ya kaunta.

Mchana ule ule nilienda kwa mwalimu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kama niko darasani. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Lile tangazo ulilichapa wewe mwenyewe," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Ukanihoji ubaya uko wapi."

"Ndiyo."

Akatoa karatasi, akaniambia niandike maelezo yangu na nitie sahihi, kwa sababu huenda yakamfaa mama. Nikaandika. Mama mwenyewe, mwalimu akamtafutia wakili wa msaada, wa bure, na huyo akaandika barua kukataa kile kiasi. Mpaka leo barua zinakwenda na kurudi. Maelezo yangu yako kwenye faili la mtu fulani, na sijui yatafunguliwa lini wala na nani. Land Cruiser zikipunguza mwendo, bado narudi nyuma ya mashine.

Lakini hilo siyo linalonikosesha raha zaidi. Ninachokiwaza ni kwamba huenda mwalimu na mimi tumekosea. Huenda bima wasiongeze kitu. Huenda ile hela ndogo, angeiongezea ng'ombe mmoja na harambee ya kanisani, ingemfikisha kwenye upasuaji, na sasa angekuwa anapalilia. Mfupa hausubiri barua. Na kama yule mtu asingemfuata kabisa, mama asingejua kama bima inadaiwa, angepewa kondoo wake akaambiwa pole. Kataza wanaonunua wagonjwa, sawa, mimi wa kwanza kunyoosha mkono. Lakini aliye kule Mogitu au Hirbadaw nani atamfikia kabla yao? Mwalimu ni mmoja, na baiskeli yake nayo ni moja.

Kila mara wakili anapotaka karatasi, mama anakuja Katesh kutoa kopi. Namwona akishuka kwenye bodaboda pale getini, mkwewe akimshika mkono. Magongo ni mawili bado. Kuna steshenari nyingine juu, karibu na stendi, na kufika huko ni kupanda mwinuko wa mawe. Anapita mbele ya mlango wangu. Nasimama, namwamkia shikamoo. Ananiitikia marahaba, kwa adabu kabisa, bila kusimama, halafu anapeleka magongo mbele na kuanza kupanda.