Nilichambua article ya bahari kwenye posa, nikaishia kwa mama mkwe

Wakuu, salamu kutoka Buja, mji wetu wa kando ya ziwa.

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Hata ningetaka kuongeza chumvi nisingeweza, maana mke wangu naye yumo humu jukwaani na anasoma kila kitu.

Nina mdogo wangu, Fabrice, mtoto wa baba mdogo. Anafanya kazi Dar, anatoa mizigo bandarini. Alimpenda binti wa hapa hapa Buja, mtaa wa Nyakabiga, Divine, wakaelewana, ikabaki wazee kukutana. Familia ikanichagua mimi niwe mshenga. Mdomo ninao, wanajua.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu: siku ya posa wenyeji hujifanya hawajui mmefuata nini. Mshenga wao anakuzungusha, anakutafutia visingizio, na wewe unamjibu kwa maneno matamu mpaka watu wacheke. Baba wa binti huwa anakaa kimya tu na soda yake.

Huyu hakukaa kimya.

Mzee Sylvestre alisimama, akavaa miwani, akatoa simu. Kuna article alitumiwa WhatsApp, ya gazeti la Kifaransa: bahari inapanda, miji ya pwani itazama.

"Mi sikatai huyu kijana," akasema. "Lakini mutoto wangu hataenda kuishi kwenye maji, apana. Maji ilishakula nyumba yangu moja."

Nikacheka, nikidhani ni ule mchezo wetu. Nilicheka peke yangu.

Fabrice, aliyekaa kando yangu, akaninong'oneza kwamba ni kweli, mzee alikuwa na nyumba kando ya ziwa Tanganyika, lilipopanda likaichukua, na hajawahi kurudi hata kuangalia. Posa ilikuwa inavunjika na mshenga ni mimi.

Nikaomba ile simu niisome mbele ya wote, mpaka mwisho, sio kichwa cha habari peke yake.

Kwanza picha. Ule mji uliofurika si Dar, si Mombasa, ni kwa wazungu huko, jamaa kavaa buti anaendesha baiskeli ndani ya maji. Dar haikutajwa popote.

Pili, maelezo yenyewe yako sawa, sitanii. Joto linaingia baharini, maji yakipata joto yanatanuka, barafu nayo inayeyuka, basi bahari inajaa. Lakini inapanda kidogo kidogo, miaka na miaka, na watu wakianza mapema wana muda wa kujenga kuta na kujipanga. Hayo mwandishi aliyaweka chini kabisa, baada ya tangazo la dawa ya nywele.

Wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mi nikanogewa.

"Mzee," nikamwambia, "bahari inapiga hodi kabla ya kuingia. Ziwa letu halipigi hodi, we unalijua. Mwenye akili hawezi kulaza watoto wake kando ya ziwa hili. Sisi tumekuja kumuondoa Divine kwenye hatari."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee akavua miwani, akafuta macho. Kisha akakubali kwa sharti moja, Fabrice apange nyumba ya étage, ghorofani juu. Kreti zikafunguliwa, nikapongezwa mpaka mabega yakauma.

Sasa nani alikuwa kule kwa akina mama, anaitikia kwa kichwa taratibu? Mama Kelly, mke wangu.

Wakuu, wakati huo mi nakaa Kibenga. Kando ya ziwa hilo hilo!

Kila mvua zikikaribia mke alikuwa ananiomba tuhame. Viboko wanakula majani uani kwetu, mi namwambia ziwa linajua mpaka wake, aache uoga.

Kesho yake naamka, nakuta magodoro yamefungwa kamba. Nikauliza kuna nini.

"Papa Kelly, we ulisema mwenyewe, mbele ya watu."

Nikajaribu kumweleza kwamba yale yalikuwa maneno ya ushenga tu. Akaendelea kupanga sufuria.

Tukahamia Ngagara, kwa mama yake. Mama mkwe kila asubuhi ananiita nimchambulie habari za redio, eti kasikia nina kipaji. Nilinuna wiki nyingi, siwafichi.

Halafu mvua zikaja. Jirani wa Kibenga akatuma picha ya nyumba yetu. Maji yako usawa wa dirisha, na dirisha lenyewe ni la chumba cha watoto.

Mama Kelly aliitazama, akanipa simu, akaenda jikoni. Bora angenisema. Nilikaa pale nimeishika ile simu.

Fabrice na Divine wako Dar, ghorofa ya tatu. Bomba halitoi maji, Fabrice anapandisha madumu kwa ngazi na kunitukana kwa voice note.

Nilichojifunza: article isomeni mpaka chini ya tangazo. Na siku ile mdomo wangu ulikuwa na akili kuliko mimi.

Haya, nipondeni, nimezoea. Ila mwenye kujua nyumba ya kupanga, mbali na ziwa na mbali na mama mkwe, aiweke hapa.

Mama Kelly, mbali kidogo tu.